Ruta ya Chumbani kwa Rukia

Komeo la chumba cha mtoto lililia tak gizani, kisha Nasoro akapiga yowe. Siku hizi mlango humvunja mkono yeyote asiyetambuliwa na mtandao wake. Jana Mwanaidi, mkewe, alifunga ruta ya pili ya intaneti chumbani humo, akaipa jina tofauti na la ile ya sebuleni; mlango ukahamia mtandao huo mpya usiomjua Nasoro.

"Mama Rukia, umenifanya mwizi kwangu?" Nasoro aligumia, mfupa umechomoza, damu ikichuruzika sakafuni.

"Ruta zote zilitaka jina moja, baba. Nivumilie."

Mwanaidi akafuta mipangilio ya ile mpya kwa simu, akaipa jina la ile ya sebuleni. Ikawaka kijani, ikaanza kujifunza watu upya. Akakishika kitasa. Chuma kikambana kiganja, kikatulia, kikingoja.

Ndani, Rukia akasema, "Mama, mlango unaniuliza eti wewe uliyeshika kitasa ni nani."