Mashine ya Kumfunga Ridhwan

Programu ilishinda, na Afrah akaghadhibika.

"Hapana! Si hivyo!" aliiambia kompyuta, kisha akafuta kazi yote ya wiki ile.

Noorin, aliyekuwa akipanga karatasi nyuma ya kaunta, aligeuka. Duka la steshenari pale Kilindoni lilikuwa la baba yake. Afrah aliajiriwa kuchapa barua na kutoa kopi, na wateja wakipungua alirudi kwenye programu yake ya kucheza sataranji.

"Shoga, si imeshinda? Ulitaka nini tena?"

"Imecheza ovyo."

"Imeshinda ovyo?"

Afrah akaanza kuandika upya. Noorin alikwishazoea. Tangu Idd iliyopita shoga yake alikuwa mtu wa hasira za karibu, na sababu yake aliijua, kama mji mzima ulivyoijua.

Siku ile ya Idd Afrah alifika fainali ya klabu ya sataranji. Aliyebaki mbele yake ni Ridhwan, bingwa wa miaka yote. Ukumbi ulijaa. Baba yake, Mzee Hilal, aliyemfundisha mchezo huo tangu utotoni huko Baleni, alikaa safu ya mbele na kofia mpya. Ridhwan alikuja, akautazama ubao, hakuketi.

"Mimi sichezi na mwanamke," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Nikimfunga mtasema nimemwonea. Na yeye kunifunga hawezi. Basi nipeni kikombe changu, nikale biriani."

Watu walicheka. Kikombe akapewa. Mzee Hilal alirudi nyumbani, akauweka ubao wake juu ya kabati, na tangu hapo hakuushusha.

Jumatatu yake Afrah alianza kuandika programu.

Haikuwa rahisi. Farasi waliruka nje ya ubao. Malkia alikula askari wa upande wake mwenyewe. Umeme ulikatika kazi haijahifadhiwa. Kijana mmoja wa Dar aliyekuwa akimsaidia mtandaoni alichoka, akaaga. Ilipofika masika, mvua ikinyesha bila kukoma, Afrah naye akaifunga kompyuta akasema basi, huku ni kujitesa bure.

Aliyemrudisha ni Ridhwan mwenyewe. Alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la klabu, huku akicheka: "Yule binti Hilal kapotelea wapi? Au karudi jikoni?"

Afrah aliuhifadhi ujumbe ule. Kila alipochoka, kila kosa lilipokataa kuonekana, aliusikiliza mpaka kile kicheko cha mwisho. Kisha akarudi kazini, macho makavu.

Ridhwan alikuwa na tabia ya kubandika kwenye kundi michezo aliyoshinda, hatua kwa hatua, ili asifiwe. Afrah hakumsifu. Aliinakili yote. Kisha akawatafuta jamaa wa Dar waliowahi kumfunga Ridhwan, akawaomba na ile michezo ambayo hakuibandika.

"Utamjua huyo mtu kuliko mkewe," Noorin alimwambia.

"Ndivyo ninavyotaka."

Taratibu Afrah akaanza kutabasamu. Siku moja Noorin alimkuta akiichekelea programu, ambayo ilikuwa imemkimbiza farasi mbele peke yake bila sababu ya maana.

"Safi," Afrah alinong'ona. "Safi sana. Fanya hivyo hivyo."

Noorin akatikisa kichwa, akaendelea na karatasi zake.

Idd ilipokaribia, Afrah aliandika kwenye kundi kwamba ana mashine ya kucheza sataranji, je, ailete ukumbini? Ridhwan alijibu kabla ya wengine wote. "Ilete. Mashine si mwanamke, hiyo nitacheza nayo."

Idd pili watu walifurika. Afrah alimbembeleza baba yake mpaka akakubali kuja. Kompyuta iliunganishwa na projekta, ubao ukaonekana ukutani. Ridhwan aliingia na kanzu nyeupe, akinukia udi, akavuta kiti.

"Samahani, Kaka Ridhwan," Afrah alisema kwa adabu. "Nianze nayo mimi kidogo, uone inavyokwenda. Kisha utakaa wewe."

"Haya, ipashe moto."

Ridhwan alisimama kando ya ukuta, akawa anawaeleza watu mchezo kama mwalimu darasani. "Sasa itatoa farasi," alisema, na mashine ikatoa farasi. "Sasa malkia, pembeni kule." Malkia akaenda pembeni kule kule. Watu wakapiga makofi.

"Ina akili mashine hii!" Ridhwan alisema, uso umemng'aa. "Binti Hilal, leo utakiona."

Afrah alicheza bila haraka. Farasi alipokimbilia mbele peke yake, alimwachia njia, kisha akaiziba nyuma yake. Hatua chache baadaye malkia alinaswa. Ridhwan akaacha kutabiri. Mfalme alihangaika huku na huku, mpaka akakosa pa kukimbilia.

Mzee Hilal alikuwa amesimama.

Wa kwanza kucheka ni Ridhwan. "Sasa hii ndiyo mashine? Imefungwa na mwanamke!" Akawageukia watu, mikono ameitandaza. "Mpumbavu gani kaifundisha kucheza hivi?"

"Wewe, Kaka Ridhwan," Afrah alisema. "Sikuilisha michezo ya mtu mwingine yeyote."