Bunduki Isiyo na Namba

Tausi alikwenda mahakamani kumsindikiza jirani yake, Mwanahawa, ambaye mumewe aliuawa na majambazi dukani kwake. Inspekta Kisanga wa polisi aliiweka mezani mbele ya hakimu bunduki iliyotumika kumuua.

"Namba yake imekwanguliwa, mheshimiwa," alisema. "Haijulikani ilitoka wapi wala ilikuwa ya nani."

Tausi alijisogeza mbele kuitazama. Kitako kilikuwa kimepasuka na kufungwa waya wa shaba, mizunguko saba, ncha yake imepinduliwa ndani isichome mkono. Waya ule aliufunga yeye. Bunduki ilikuwa ya marehemu baba yake, mwindaji. Serikali ilipowataka watu wasalimishe silaha, kaka zake walikataa. Aligombana nao, akaibeba mwenyewe hadi kituoni. Inspekta huyu huyu ndiye aliyeipokea. Alimpa mkono, akamwita mama mzalendo. Na namba ilikuwepo, kwa kuwa aliisoma kwa sauti huku akiiandika.

Sasa macho yao yalikutana. Inspekta akageuka upesi.

"Kwani unamjua, shoga?" Mwanahawa alimnong'oneza, akamshika mkono.

Tausi aliuchomoa mkono wake. Silaha iliyomfanya mwenzake mjane aliitoa yeye nyumbani kwao, akidhani anaokoa watu.

"Kuna mwingine mwenye la kusema?" hakimu aliuliza, akifunga jalada.

Tausi alisimama. Inspekta naye aliinuka taratibu, akaenda kusimama mlangoni.