Utosi wa Silantoi

Silantoi aliinamisha kichwa apokee salamu, lakini baba yake akarudi nyuma na kuficha mikono mgongoni.

Mama alipigwa na butwaa, kufuli bado liko mkononi. Tangu korona iingie, ni yeye aliyemzuia mtalaka wake asimchukue mtoto Jumamosi, ingawa ndivyo walivyokubaliana walipoachana. Mwanamume alikuwa akija getini kufoka, akiapa kwamba ipo siku atalivunja. Leo mama alikuwa amelainika, akafungua mwenyewe.

"Mguse basi! Si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

"Funga geti, mama Silantoi." Kikohozi kikambana, akageukia ukutani mpaka kikapita. "Tangu juzi sijisikii vizuri. Nimekuja kumwona kwa mbali tu."

Mtoto alikuwa bado ameinama kwenye ukungu wa asubuhi. Kwa kina baba yake, kule Oldonyo Sambu, mtoto hainui kichwa mpaka mkubwa amguse utosini.

"Mguse wewe," baba alisema. "Kwa niaba yangu."

Mama akaweka kiganja utosini pa mwanawe, kisha akakiondoa upesi kama aliyeshika sufuria jikoni.

Silantoi alikuwa anachemka.