Hodi ya Kwangu Inakuhusu Nini?

Wanyama walipokuwa na mtaa wao, Nungunungu aliringia kufuli lake kubwa, na hakuna aliyemkera kama jirani yake, Kanga. Hodi ikipigwa kwa yeyote, Kanga huitikia yeye: "Karibu! Nani mwenzangu?"

"Mama Madoa," akafoka Nungunungu, "hodi ya kwangu inakuhusu nini?"

"Basi, Mzee Miiba, yako siitikii tena."

Nungunungu akaenda zake shambani. Kicheche, mwizi mwenye adabu, akapiga hodi mara tatu mlangoni kwake. Kanga alisikia, akanyamaza kama alivyotakiwa. Kicheche akajua hakuna mtu, akavunja kufuli na kukomba karanga zote.

Jioni ile Nungunungu alikunywa uji wa Kanga, kichwa chini.

Asubuhi Kanga alipokwenda mtoni, Kicheche akaja kupiga hodi kwake.

"Karibu!" ikanguruma sauti nyumba ya pili. "Nani mwenzangu?"

Nungunungu akatokeza, miiba imesimama. Kicheche alitimua mbio, hata gunia lake akaliacha.

Tangu hapo hodi moja huitikiwa na nyumba zote, na anayewahi kuliko wote ni Nungunungu, hata ikipigwa mtaa wa pili.