Vyuma Vyembamba

"Si vyako, mzee. Ukinuna si vyako, ukicheka si vyako."

"Binti, nimesimamia ghala la watu mia mbili kwa miaka thelathini. Leo nishindwe na kichuma?"

"Bidhaa za ghala hukaa ulipoziweka," alijibu mpimaji wa duka la gofu, huku akimpokonya fimbo ya kupigia, chuma namba saba, kwa adabu iliyokuwa ukingoni. "Mpira haukai."

"Hebu muache achague," akadakia mke wa mzee, aliyekaa kwenye benchi la kujaribia viatu, mkoba magotini. "Mume wangu si mtoto."

Hapo ndipo mpimaji alipochoka. Waume wabishi alishawazoea. Kazi yake ilikuwa kupima urefu wa mikono, kasi ya pigo, na ubishi. Lakini kwa kawaida mke ndiye humvuta mumewe shati na kumwambia asijidanganye. Huyu alikuwa akimwagia moto mafuta.

Na mwezi wenyewe haukuwa wa mchezo. Seti mbili zilikwisharudishwa na watu waliobeba vyuma vya mabingwa, wakafika uwanjani na kukuta mikono bado ni ileile yao. Meneja hakumung'unya maneno: ikirudi ya tatu, mpimaji atahamia stoo kubandika lebo kwenye soksi.

"Njoo upige tena, mzee," alisema.

Mzee akaingia kwenye chumba cha wavu. Akapewa kwanza chuma kipana, kile chenye uzito chini, kinachomsamehe mpigaji anapokosea. Akapiga mipira mitano. Kwenye skrini inayoonyesha mpira ungefika wapi uwanjani, minne ilinyooka mbele kama imetumwa na mama yake. Kisha akapewa chuma chembamba, cha wale wanaokula kwa mchezo huo. Mpira wa kwanza uliingia msituni kulia. Wa pili, msituni kushoto. Wa tatu ulikwenda mita sita ukapumzika.

"Umeona?" mpimaji aliuliza.

"Upepo," mzee alisema.

Walikuwa ndani, na dirisha limefungwa.

"Hebu niambie, binti," mke akauliza kutoka kwenye benchi. "Mpira ukiingia msituni, unatafutwa?"

"Unatafutwa, mama. Dakika tatu. Usipoonekana, unarudi ulikopigia, unapiga mwingine."

"Tatu tu?" Uso ulimshuka kidogo. "Na kurudi huko ni kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Vizuri. Na uwanja unafunguliwa siku zipi?"

"Siku zote."

"Hata za mvua?"

"Isipokuwa ya radi."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mzazi anayekagua shule ya bweni.

Mzee naye alikwishatoka kwenye wavu na kusimama mbele ya glovu. Alisema ana miezi mitatu tangu astaafu, lakini jicho la kazi halistaafu. "Hizi mmezipanga kwa rangi. Glovu hupangwa kwa ukubwa." Akaanza kuzishusha. "Na ule ufagio, nani kauweka pale?"

"Mpe tena vile vyembamba avishike," mke alisema haraka. "Vinampendeza."

Mpimaji akadhani amemwelewa. Alishawaona wengi wa aina hiyo, wanaotaka begi la mume lisalimiwe kabla ya mume mwenyewe. Akamshika mkono, akamvuta nyuma ya rafu ya viatu, akamwambia ukweli wote.

"Mama, nisaidie. Hapa nachezea kazi yangu. Mwambie achukue vipana, vitampa raha. Baada ya wiki mbili atakuwa anapiga vizuri. Akianza saa mbili asubuhi, saa sita mchana yuko nyumbani, mnakula pamoja."

"Na vyembamba?"

"Vyembamba ni mateso. Itabidi aje mazoezini kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Na Jumapili akicheza, atamaliza jua likizama. Mwaka mzima, mama. Na huenda asiviweze hata huo mwaka ukiisha."

"Mwaka," mama alirudia kwa sauti ya chini.

"Kabla haujafika nusu atakata tamaa, atavirudisha hapa, na mimi nitakuwa stoo na soksi."

"Akate tamaa, yule?" Mama alicheka bila kufungua mdomo. "Mimi nilimkataa miaka minne, mwanangu, na kila jioni alikuwa mlangoni kwetu. Kitu kikimkataa ndiyo kwanza anakipenda. Havirudi."

Mpimaji akavuta droo na kutoa fomu aliyoichapisha meneja juzi, baada ya seti ya pili: mteja akikataa ushauri na kusaini, vyuma havipokelewi tena, hata aje analia. Alitumaini itamtisha. Watu wengi hujivuna kwa mdomo, lakini ukiwapa kalamu wanakumbuka wameacha maji jikoni.

Mama hakusita. Aliweka mkoba chini, akaegemeza karatasi kwenye boksi la viatu, akasaini majina yake yote matatu. Upande wa pili wa rafu, sauti ya mumewe ilikuwa ikimwagiza mtu alete ngazi. Mama akafumba macho kidogo, akayafumbua, akashuka hadi mstari wa mwisho, palipoandikwa "Sababu ya kukataa ushauri wa mpimaji", akajaza kwa herufi kubwa zinazosomeka vizuri:

VIPANA VITAMRUDISHA NYUMBANI SAA SITA.