Fulana za Bwawa

Watu walikuwa wamekaa uwanjani wakisubiri kuulizwa kama wanalitaka bwawa, lakini fulana ziligawiwa kwanza. Bi Sikudhani aliikunjua yake akasoma maandishi ya kifuani: TUMEKUBALI BWAWA.

“Nani amekubali?” aliuliza kwa sauti. “Mkutano wenyewe haujaanza!”

“Mama, ni fulana tu,” ofisa wa mradi alisema huku akicheka. “Vaa tupige picha.”

“Shamba langu na kaburi la mwanangu vyote vitakuwa chini ya maji, nawe waniambia ni fulana tu?”

Alimwendea pale mezani, akamtandikia fulana ile mabegani. “Basi ivae wewe. Wewe ndiye uliyekubali.”

Ofisa aliacha kucheka. Jirani yake Bi Sikudhani akaivua ya kwake na kuitupa mezani, na wengine wakafuata.

Ndipo uliposikika mngurumo kutoka mtoni. Kumbe kazi ilikuwa imeshaanza!

Hakuna aliyebaki uwanjani. Walipofika ukingoni, Bi Sikudhani aliketi chini mbele ya tingatinga, akanyoosha miguu. Wenzake wakaja kuketi kando yake, bega kwa bega, na dereva akabaki kuwatazama, mkono ukiwa bado kwenye gia.