Bakuli la Shigeto

Mashabiki wa muziki wa panki pale Osaka walikuwa wanaudai wimbo wanaoupenda kuliko nyimbo zote za bendi: "Sirudi! Sirudi nyumbani!"

Nyuma ya jukwaa, dada wa mwimbaji wa bendi hiyo, Shigeto, akiwa bado na nguo nyeusi za mazishi ya mama yao, alimkabidhi bakuli tupu la wali, lenye ufa.

"Lako hili, kaka. Mama alikupakulia kila jioni, na wewe hupo."

"Kwani huu wimbo hakuusikia?"

"Aliusikia, tena akaupenda. Ila kwa unavyobweka, yeye alisikia 'narudi'."

Shigeto alipitisha kidole kwenye ufa. Punje moja ya wali ilikuwa imekaukia humo.

Akapanda jukwaani, akafumba macho, akaimba kama mama alivyosikia: "Narudi!"

Ukumbi mzima ukamfunika: "Sirudi!"